Tuta la Sentimita Kumi na Saba

Kwa miaka minne nilikwenda kazini nikiwa nimekaa kiti cha mbele cha gari la jirani yangu, gari la zamani la rangi ya maziwa, lililokaa chini kama kuku aliyeatamia mayai. Jirani yangu huyo alikuwa mkaguzi wa vipimo katika kiwanda cha mabomba ya plastiki, na mimi nilikuwa mtu wa stoo hapo hapo. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Dada Kipimo. Bomba likitoka kwenye mashine, yeye ndiye aliyelipima unene na kipenyo, na likiwa limezidi au limepungua hata kwa unywele, alilibandika stika nyekundu yenye neno moja, IMEKATALIWA, na hapo hata mkurugenzi hakuwa na ruhusa ya kuliuza. Hakuwa mkali. Alikuwa tu mtu asiyejua kusema "acha iende."

Ili nisikupe kisa nusu nusu, nianze na wizi.

Mchana mmoja, saa saba na ushee, pikapu iliyoingia kwa karatasi za kughushi ilipakia mota mbili za umeme kutoka stoo kwangu. Mlinzi wa geti alipoinua mkono kuisimamisha, dereva alikanyaga mafuta, akavunja kizuizi, akamkumba mlinzi mguuni na kutokomea. Mlinzi alilazwa. Mimi nilihojiwa siku mbili, swali lile lile kwa namna kumi na moja, na ingawa mwishowe waliniacha, nilibaki nimenywea. Mtu akishaulizwa mara moja kama yeye ni mwizi, hujifunza kutembea kandokando ya ukuta.

Mkuu wa ulinzi alikuwa mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande. Aliapa kwamba hakuna gari litakalotoka tena pale kwa kasi. Jumamosi akaleta saruji na kokoto. Jumatatu tulipofika tukakuta matuta matatu, moja nje ya geti, moja chini ya kizuizi, moja ndani, membamba na yenye mgongo wa kuchongoka. Pembeni palikuwa na kibao kipya: ENDESHA POLEPOLE.

Dada Kipimo alisimamisha gari, akayatazama.

"Haya yamepimwa na nani?" akauliza.

"Pita tu taratibu," nikamwambia. "Watu wako nyuma yetu."

Alipita taratibu. Tuta la kwanza lililamba tumbo la gari. La pili lilikwaruza tangu mbele hadi nyuma, mlio ule wa chuma unaomfanya mtu aume meno. La tatu halikukwaruza, lilipiga. Gari likakwama juu yake, magurudumu ya mbele upande huu, ya nyuma upande ule, likayumba kama mzani. Tulishuka, watu wa zamu wakatusaidia kusukuma, likateremka. Nyuma yetu mstari mweusi wa oili ukatufuata hadi kwenye maegesho. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka.

Afande alikuja akitembea, mikono nyuma. Aliitazama oili. Gari hakulitazama.

"Umechafua eneo la kazi," akasema.

"Tuta lako limepasua sampu ya gari langu."

"Tuta halijatoka mahali pake, dada. Wewe ndiye uliyelifuata."

Walinzi wawili wakacheka puani. Dada Kipimo hakucheka, wala hakukasirika kwa namna ninayoijua mimi. Aliuliza, "Lina urefu gani?"

"Linatosha."

"Kutosha si kipimo, Afande."

Kabla ya saa nne aliitwa ofisini kwa Madamu wa utumishi, mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza hata anapokukata. Nilikuwa pale nikisubiri karatasi za stoo kutiwa muhuri, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Barua ya onyo ilikuwa tayari imechapwa: kuchafua eneo la kazi na kubishana na ulinzi. Dada Kipimo aliisoma mara mbili, akaweka kalamu juu ya meza.

"Siwezi kusaini kitu ambacho si kweli."

"Mpenzi, ni utaratibu tu," Madamu akasema. "Haina madhara."

"Basi utaratibu usaini wenyewe."

Akatoka. Jioni tulitembea kwa miguu hadi barabara kuu kutafuta usafiri, nami nikamtolea hekima yangu yote, ambayo siku hizo ilikuwa moja tu.

"Mwenye nguvu mpishe," nikamwambia.

"Nimpishe niende wapi?" akaniuliza. "Geti ni moja."

*

Fundi wake alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya duka la matairi. Aliichomelea sampu, kisha akajipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamshauri.

"Dada, matuta hayatashuka. Panda wewe. Tuweke spesa."

Spesa ni vile vipande vinavyowekwa juu ya springi kulinyanyua gari. Wengi wanaziweka. Dada Kipimo alisitasita, lakini alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa pembeni nikimhimiza kwamba kinga ni bora. Akakubali. Gari likatoka pale limesimama juu juu, kama mtu aliyeazima viatu vya mwenzake.

Nyumbani alikuwa na mama yake. Mama alikuwa mpishi wa bweni la shule kwa miaka thelathini, mwanamke aliyezoea kuamrisha masufuria na watoto mia tatu kwa sauti moja. Miaka mitano nyuma alivunjika nyonga, akawekewa chuma, na tangu hapo alipelekwa mazoezi hospitali mara mbili kwa wiki. Gari lile lilinunuliwa kwa sababu yake. Kiti chake kilikuwa chini kiasi kwamba Mama aligeuka, akakaa kama anayekaa kwenye kigoda, halafu akaingiza miguu mmoja mmoja bila kusaidiwa na mtu. Hilo la kutosaidiwa alilithamini kuliko kula.

Siku ya pili baada ya spesa ilikuwa siku ya mazoezi. Mama aligeuka kama kawaida yake, akakaa, na kiti hakikuwepo pale alipokiacha. Kilikuwa kimepanda. Aliteleza, nikamdaka kiunoni.

"Jirani," akasema, "usinikumbatie sana, watu watapata cha kusema."

Tulileta kigoda cha jikoni apandie. Alipanda mguu mmoja, goti likaanza kutetemeka, akashuka. Akajaribu tena. Mara ya tatu hakujaribu. Alikaa juu ya kile kigoda pembeni mwa njia, fimbo magotini, akilitazama gari kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Limefanywa nini?" akauliza.

Binti yake akamweleza yote: matuta, sampu, barua, spesa.

Mama akayajumlisha yote. "Kwa hiyo tuta la kazini kwako limekuja mpaka mlangoni kwangu."

"Ni kwa muda tu, mama."

"Kwa muda wa nani? Mimi sina muda wa kugawa." Akaligusa tairi kwa ncha ya fimbo. "Gari lako lilikuwa na kosa gani? Wewe ulikuwa na kosa gani? Mbona aliyekosea amekaa kwake ametulia, na anayebadilika ni wewe? Mrudishie fundi viatu vyake."

Siku ile ile spesa zilitolewa. Namna Dada Kipimo alivyoshika usukani ilinitia wasiwasi. Nilimjua. Alikuwa na sura ile anayokuwa nayo bomba linapokataa kuingia kwenye kipimo.

*

Kiwandani kulikuwa na magari ya chini kumi na moja. Nasema kumi na moja kwa sababu aliyahesabu. Muuguzi wa zahanati yetu alikuwa ameangusha ekzosi. Karani wa mishahara alikuwa amefunga bampa kwa waya. Fundi umeme alikuwa akiegesha nje, barabarani, na siku ya tatu akakuta vioo vyake vya pembeni vimekwenda. Wote walilalamika, ila kwa sauti ya kantini, ile inayokufa mkubwa akipita. Kisha tangazo likabandikwa ukutani: wenye magari yasiyofaa waegeshe nje, au watafute magari yanayofaa.

"Yasiyofaa," Dada Kipimo akasoma kwa sauti. "Haya. Tuone kisichofaa ni kipi."

Siku hiyo, wakati wa chakula cha mchana, alichukua futikamba, pimamaji na daftari, akanipa mimi daftari, akatoka hadi kwenye tuta la ndani. Alichuchumaa jua la saa saba likimchoma mgongo, watu wakaanza kusogea.

"Andika. Urefu, sentimita kumi na saba."

Nilimwona Afande dirishani. Nikasimamisha kalamu.

"Andika," akarudia, bila kuinua kichwa. "Upana, arobaini na tano. Gari langu likiwa tupu, nafasi chini yake ni kumi na nne. Umeandika?"

"Nimeandika."

Alipima yote matatu. Halafu akatoa mfukoni stika nyekundu, akaifuta vumbi sehemu ya saruji kwa kiganja, akaibandika katikati ya tuta. IMEKATALIWA.

Watu walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Afande alitoka, akaibandua, akaifinyanga kiganjani. Dada Kipimo akabandika nyingine.

"Hizo ni mali ya kiwanda," Afande akasema.

"Na mimi natumia kwa kazi ya kiwanda. Kilichozidi kipimo hubandikwa."

Nilidhani Afande atafoka. Hakufoka. Alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, ila sote tulisikia. "Umepima tuta. Hujapima mguu wa mlinzi wangu. Mimi ndiye niliyemwinua pale chini. Nenda kaupime ule, halafu urudi uniambie habari za sampu."

Kicheko kikaisha. Dada Kipimo alikunja futikamba yake, akarudi ndani. Alasiri nzima hakubandika hata bomba moja.

Tulipotoka kazini hakunipeleka nyumbani. Alinunua machungwa, akauliza njia, tukaenda kwa yule mlinzi. Tulimkuta kwenye chumba chake, mguu ndani ya plasta juu ya mto, mkewe akipiga pasi nguo za watu. Mkewe akatuvutia viti. Dada Kipimo hakuzunguka.

"Kaka, nimekuja kwa mambo mawili. Kwanza pole. Pili, nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu matuta yale wanasema ni ya kwako."

Mlinzi alitabasamu kwa shida. "Yangu? Hakuna aliyeniuliza. Nimeyasikia kwa wageni kama nyinyi." Akamenya chungwa polepole. "Mimi tuta nalitaka, dada. Nisikudanganye. Mtu akija kasi, kitu kimpunguze. Lakini pikapu ile ilikuwa ndefu, matairi yake yanafika hapa," akaonyesha juu ya goti lake zima. "Ile ingeliruka tuta lenu kama mbuzi anavyoruka mfereji. Anayelia pale ni mwenye gari dogo, na mwenye gari dogo hajawahi kunigonga."

"Utayasema haya mbele ya Afande?"

"Nitayaandika. Mguu ndio umevunjika, mkono mzima."

Akaandika, mistari sita, kwa herufi kubwa kubwa. Mkewe akaweka pasi kando, akasoma begani kwake, akamrekebisha neno moja.

*

Ijumaa asubuhi magari kumi na moja yalifika getini pamoja. Lilikuwa wazo la Dada Kipimo, na alilieleza kantini jana yake kwa maneno machache. "Kibao kinasema polepole. Sisi tutatii. Hakuna kupiga kelele, hakuna kugoma, hakuna kumtukana mtu. Tutii tu, mpaka watuelewe."

Gari lake lilikuwa la kwanza. Alisimama mbele ya tuta la kwanza. Sisi abiria watatu tukashuka, gari likapanda kidogo kwa kupungua mzigo. Karani wa mishahara akachuchumaa upande mmoja, mimi upande mwingine, tukimwongoza. Alikata kwa upande, tairi moja, kisha la pili, akasimama, tukachungulia, la tatu, la nne. Kisha tuta la pili, vivyo hivyo. Kisha la tatu. Ilichukua dakika nane. Lilipopita salama, la muuguzi likasogea, abiria wakashuka, na kazi ikaanza upya.

Kufikia gari la nne, foleni ilikuwa imefika barabara kuu. Malori ya mabomba yalikuwa yanapiga honi. Gari la mkurugenzi, refu na jeusi, lilikuwa la kumi na saba kwenye mstari.

Afande alikuja mbio. "Piteni!"

"Tunapita," Dada Kipimo akasema. "Polepole."

Afande akageuka, akaniona mimi nimechuchumaa karibu na tairi la fundi umeme. "Na wewe wa stoo? Hata wewe? Umesahau mota zilipotea mikononi mwa nani?"

Watu wote walisikia. Maneno hayo nilikuwa nayasikia kila siku bila kusemwa, na labda ndiyo sababu yaliposemwa hayakuniangusha. Nikasimama, magoti yamejaa vumbi.

"Sijasahau, Afande. Zilitoka na pikapu ndefu. Ingekuja leo, ingepita hapa kabla yangu, bila kukwaruza."

Nikachuchumaa tena, maana tairi la tatu lilikuwa linangoja.

Zamu ya saa moja na nusu ilianza saa tatu. Mkurugenzi aliacha gari lake kwa dereva, akaingia kwa miguu, akipanda na kushuka matuta yale kwa viatu vyake vya ngozi. Saa nne tuliitwa: Dada Kipimo, na mimi kama niliyeandika vipimo. Ofisini walikuwa mkurugenzi, Madamu na Afande.

"Nani amepanga mgomo?" mkurugenzi akauliza.

"Hakuna mgomo, bosi. Tumetii kibao."

"Usinichezee. Naweza kukufukuza sasa hivi."

"Unaweza," Dada Kipimo akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini atakayekuja baada yangu atapima, na atapata kumi na saba. Namba haimwogopi mtu."

Madamu akaingilia kwa upole. "Dada, hapa sote tunatafuta amani. Saini ile barua, uombe radhi kidogo kwa Afande, na sisi tutaliangalia suala la matuta. Wenzako watakufuata wewe."

"Ndiyo maana siwezi," akajibu. Akaweka mezani karatasi mbili, vipimo vyetu na barua ya mlinzi. "Sikatai tuta. Aliyevunjwa mguu analitaka, na mimi nalitaka. Nakataa hili. Tuta la sentimita saba na nusu, lenye upana wa mita tatu na nusu, linampunguza kila mtu, mrefu na mfupi. Hili la sasa linampunguza muuguzi na kumwacha mwizi. Kama nasema uongo, Afande yuko hapa. Muulize. Pikapu ile ingesimama?"

Mkurugenzi akamgeukia Afande. Kwa muda mrefu Afande aliisoma ile barua ya mistari sita. Nilimchukia mtu yule tangu siku aliponihoji, lakini lazima niseme ukweli wake: hakuwa mwongo.

"Ingeruka," akasema. "Ingetikisika, lakini ingeruka."

Ungedhani mambo yaliishia pale. Hayakuishia. Mkurugenzi alisema ataliangalia, tukarudishwa kazini, na Jumatatu tukayakuta matuta yale yale pamoja na barua kumi na moja za onyo, moja kwa kila mwenye gari. Watatu walisaini wakaenda kuegesha nje. Karani wa mishahara alikuwa mmoja wao. Alipita mbele yetu macho chini. "Nina watoto wanne," akasema.

"Hakuna aliyekuuliza, kaka," Dada Kipimo akamwambia. "Nenda salama."

Wanane tulibaki, nasema tulibaki ingawa gari halikuwa langu. Jumatatu tulipita polepole. Jumanne tulipita polepole. Siku hiyo Madamu alinipigia simu stoo kuniuliza kama naipenda kazi yangu. Nikamwambia naipenda sana, ndiyo maana nafika mapema siku hizi, ili niwahi kushuka na kuchuchumaa. Jumatano madereva wa malori, ambao hakuna aliyewaomba, walizima injini zao kwenye foleni, wakashuka na kuja kutusaidia kuongoza. Mmoja wao alisema mabomba yanapasuka ncha kwa kutupwa juu ya matuta yale, na lawama wanabebeshwa wao.

Alhamisi alasiri tukasikia nyundo.

*

Matuta mawili yalivunjwa kabisa. La katikati lilivunjwa na kujengwa upya kwa vipimo vya kwenye karatasi, na mbele yake pakawekwa kizuizi kipya cha chuma badala ya kile cha bomba. Afande mwenyewe alisimamia. Saruji ikiwa bado mbichi, alimwita Dada Kipimo, na sote tuliokuwa karibu tukasogea kusikia.

"Sasa umeridhika?"

Dada Kipimo alilaza pimamaji yake juu ya ubao, akainama akatazama. "Upande wa kushoto umezidi nusu sentimita."

"Nusu sentimita," Afande akarudia.

"Nusu sentimita."

Tulingoja alipuke. Alimtazama yule mwanamke, akawatazama mafundi, kisha akavua saa yake, akaitia mfukoni, akachukua mwiko mkononi mwa fundi na kuanza kupunguza mwenyewe. Dada Kipimo alibaki amechuchumaa upande wa pili akimwambia bado, bado, hapo.

Gharama ya sampu hajalipwa mpaka leo. Ile barua ya onyo ililetwa tena mara mbili, ya pili ikiwa na maneno laini kuliko ya kwanza, na mara zote mbili aliirudisha ilivyo. Imo kwenye faili lake, na mahali pa saini pako wazi. Wale watatu walirudi kuegesha ndani, na hakuna aliyewanyooshea kidole. Mama anaendelea na mazoezi yake. Siku hizi anamwambia kila anayemsikiliza kwamba binti yake amevunja matuta kwa mikono, na binti yake amechoka kumsahihisha.

Mwezi uliofuata tangazo jingine likabandikwa kantini. Watu wa stoo, kila wakitoka, watavua viatu na mikanda getini na kupekuliwa pale pale nje, mbele ya watu. Stoo tulikuwa watano. Nililisoma mara mbili. Nilipogeuka, meza nzima ilikuwa inamtazama Dada Kipimo, naye alikuwa anakula.

"Msinitazame mimi," akasema bila kuacha kutafuna. "Mimi siko stoo."

Nikalibandua tangazo lile ukutani, taratibu lisichanike, nikalikunja mara mbili. Kisha nikapanda ngazi kwenda kwa Madamu, na nyuma yangu nikasikia viti vinne vikisogezwa.